Jaketi la Kuokoa Maisha kwa Msafiri wa Ziwani
Msafiri anayetoka Malaba au Busia kuelekea Sio Port na Port Victoria, ambako mashua huingia Ziwa Victoria, huvutiwa na jaketi jepesi lisilombana kifua, lakini wepesi pekee hautoshi. Nguvu ya ueleaji, yaani uwezo wa jaketi kumshikilia mtu juu ya maji, hupimwa kwa nyutoni: la nyutoni 50 humfaa mwogeleaji aliye karibu na ufuo, kwani halikuundwa kumgeuza aliyezimia uso uelekee juu, ilhali la 100, lenye kola ya kuegemeza kichwa, limeundwa kumgeuza maji yakiwa shwari. Mkanda wa kupita kati ya mapaja, ingawa ni kero kwelikweli, huzuia jaketi kupanda usoni. Abiria na alifunge kabla ya mashua kuondoka.