Umaskini Ulioandikwa kwa Kalamu

Tutazungumza hapa Isiolo juu ya umaskini, chanzo chake, madhara yake na namna ya kuupunguza.

Tangu utotoni tumesikia majibu mawili. La kwanza husema maskini ni mvivu. La pili husema ukame umetoka kwa Mungu na mja hana budi kuvumilia. Anayesema mfugaji ni mvivu hajapata kufuatana naye hata siku moja kutoka zizini hadi kisimani na kurudi, basi hatuna haja ya kumjibu. Jibu la pili ni zito zaidi, kwa sababu limechanganyika na ukweli, nasi tutalirudia.

Utafiti wa serikali wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa katika Kenya nzima watu 36 hivi katika kila 100 walikuwa maskini. Nairobi hawakufika 17. Turkana walikaribia 80, na Mandera haikuwa mbali na hapo. Hawa wote ni raia wa bendera moja na kitambulisho kimoja, ingawa kitambulisho chenyewe, kwa miongo mingi, wengi wenu hamkukipata ila baada ya kupigwa msasa na kamati. Tofauti kubwa namna hii haiwezi kuelezwa kwa mawingu peke yake. Iliandikwa kwa kalamu, na walioiandika walikuwa watu kama sisi.

Mkoloni alianza. Alilifunga eneo hili la mpakani. Mtu hakuingia wala kutoka bila kibali. Karantini za mifugo zikawekwa kwa jina la kuzuia maradhi, lakini zilimfaa sana mzungu mwenye ranchi, ambaye hakutaka ng'ombe wenu washindane na wake sokoni. Uhuru ulipokuja mwaka 1963 tulitazamia mlango ufunguliwe. Badala yake hali ya hatari ilitangazwa katika Kaskazini Mashariki mwishoni mwa mwaka huohuo, na haikuondolewa hadi 1991. Mtoto aliyezaliwa Garissa siku ya uhuru alitimiza karibu miaka 28 kabla ya kuishi chini ya sheria zilezile alizoishi chini yake mtoto wa Nyeri.

Kisha ukaja Waraka wa Bunge Nambari 10 wa mwaka 1965, uliohusu Ujamaa wa Kiafrika. Tunawaomba muusikilize waraka huu kwa makini, kwa maana wengi wameusifu bila kuusoma. Ulisema kwamba ili uchumi wote ukue kwa kasi, fedha za maendeleo zipelekwe kule ambako zitaleta faida kubwa zaidi: penye ardhi nzuri na mvua, penye barabara na umeme, na penye watu walio tayari kupokea maendeleo. Kwa maneno mengine, aliyekwisha kupewa barabara na mkoloni aongezewe, aliyenyimwa angojee. Mantiki ya mwekezaji huenda ilikuwa hiyo, lakini serikali si duka. Mkulima wa kahawa na mfugaji wa ngamia walitozwa kodi na dola moja.

Jiulizeni waraka huo ulipitaje. Chama cha KADU kilikuwa kimejivunja mnamo Novemba 1964, na mfumo wa majimbo ukaondolewa. Waraka ulipofika Bungeni mwaka uliofuata haikuwapo kambi ya upinzani ya kuuliza swali moja tu: je, na Marsabit? Ndiyo maana hatukubaliani na wale wanaotuambia kwamba demokrasia ni mazungumzo ya walioshiba na kwamba maskini anataka unga, si vyama. Unga wa maskini hugawanywa mahali pa kupigia kura. Asiye na sauti pale hurudi nyumbani na gunia tupu.

Sasa turudi kwenye ukame. Kati ya 2020 na 2022 mvua zilikosekana misimu 5 mfululizo, na nchini Kenya mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa. Huo ulikuwa msiba wa mbingu. Lakini tazameni jinsi msiba unavyogeuka ufukara. Mfugaji mwenye mbuzi 100 si maskini. Ana mali ambayo karani wa mjini hana. Ukame unapobisha hodi, busara inamwelekeza auze nusu mapema, aweke fedha, aanze upya mvua zikirudi. Atauza wapi? Kiwanda cha nyama cha Athi River, kilichokuwa mnunuzi mkubwa wa ng'ombe wa huku, kilikaa kimefungwa kwa miaka mingi hadi 2006. Barabara ya lami iliishia hapa Isiolo, penye kizuizi cha polisi, na msafiri aliyekipita akielekea kusini alisema anakwenda Kenya. Lami haikufika Moyale ila zaidi ya miaka 50 baada ya uhuru. Kwa hiyo mfugaji alimngojea mlanguzi mwenye lori, naye mlanguzi alijua kwamba mbuzi anakonda kila siku. Bei ya mbuzi ikashuka wakati uleule bei ya mahindi ilipopanda. Aliyekataa kuuza alizika. Aliyeuza alipata fedha za wiki chache. Mtoto akatolewa shuleni afuate maji, na yule aliyebaki darasani huenda hakumkuta mwalimu, kama ilivyotokea mapema mwaka 2020, walimu wengi wasio wenyeji walipoondolewa Garissa, Wajir na Mandera kwa sababu ya mashambulizi.

Ni lazima tukiri kosa letu sisi wana mageuzi. Kifungu cha 2A kilipofutwa mnamo Desemba 1991 tulicheza ngoma, tukadhani umaskini utafuata njia ya chama kimoja. Haukufuata. Wakati uleule tuliokuwa tukidai vyama vingi, Hazina ilikuwa ikilipa fidia kwa dhahabu na almasi ambazo nchi haikuuza, katika kashfa ya Goldenberg, na mwaka 1993 bei za bidhaa zilipanda kwa zaidi ya asilimia 40. Tulikuwa tumepata haki ya kusema kabla ya kupata haki ya kuhesabu fedha.

Haki hiyo ya pili ilikuja na Katiba ya Agosti 2010. Kaunti 47 kwa pamoja zinapaswa kupata si chini ya shilingi 150 katika kila shilingi 1,000 za mapato ya taifa, kwa hesabu zilizokaguliwa. Juu ya hizo, kifungu cha 204 kiliunda Hazina ya Usawazishaji: shilingi 5 katika kila 1,000 zitengewe maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyoachwa nyuma. Ni kidogo, lakini ndiyo mara ya kwanza sheria kuu ya nchi kukiri kwamba kuna waliodhulumiwa. Lakini kwa miaka mingi fedha hizo zilicheleweshwa, na sehemu kubwa yake haikutoka Hazina Kuu. Nazo zile za ugatuzi zilizofika, hatutawaficha, nyingine ziliishia mifukoni mwa watu wa kabila letu wenyewe, wanaozungumza lugha yetu wenyewe. Mwizi wa nyumbani haachi kuwa mwizi.

Hapa ndipo ombi letu lilipo. Hazina ya Usawazishaji iliwekewa uhai wa miaka 20 tu. Itakoma Agosti 2030, isipokuwa Bunge litunge sheria ya kuirefusha, inayoungwa mkono na zaidi ya nusu ya wabunge wote na zaidi ya nusu ya ujumbe wa kaunti katika Seneti. Uchaguzi mkuu wa 2027 ndio wa mwisho kabla ya tarehe hiyo. Kila anayeomba kura zenu aulizwe hadharani, na jibu lake liandikwe: je, utapiga kura ya kuirefusha, na zile ambazo hazikulipwa utazidai vipi? Naye mwakilishi wa wadi aulizwe kisima kilichomo katika makadirio ya bajeti kilichimbwa wapi, kisha vijana wapande pikipiki wakakitazame.

Katibu wa mkutano anazo nakala za kifungu cha 204 kwa Kiswahili. Yeyote asiyejua kusoma aketi na anayejua. Sasa tunayakaribisha maswali, tukianza na kina mama.