Dawa ya Mtakatifu Yohana: Inamfaa Nani, na Inamdhuru Nani?

(Mazungumzo yaliyotolewa kwa viongozi wa jumuiya ndogo ndogo na wahudumu wa afya wa vijijini)



Leo tuzungumze juu ya dawa moja ya mitishamba ambayo watu wengi wanatuuliza habari zake. Kwenye chupa imeandikwa "St. John's Wort". Nyingine huuzwa mijini katika maduka ya dawa za asili, nyingine huletwa na ndugu zetu walio ng'ambo. Mtu ana huzuni isiyokwisha, hapati usingizi, kazi imemshinda, basi anaambiwa, "Meza hii, ni majani tu, haina neno." Hapo kwenye "haina neno" ndipo tunataka tusimame kidogo.

Mmea huu ni wa Ulaya na sehemu za Asia. Jina lake la kisayansi ni Hypericum perforatum. Una maua ya manjano, na ukiinua jani lake kwenye mwanga utaona vidoa kama limetobolewa kwa sindano. Uliitwa kwa jina la Mtakatifu Yohane Mbatizaji kwa sababu huko Ulaya huchanua karibu na sikukuu yake, tarehe 24 Juni. Jina la mtakatifu halifanyi dawa kuwa salama. Tena, kule juu milima ya Aberdare na Mlima Kenya kuna ndugu yake mwenye maua ya manjano pia, Hypericum revolutum. Huo ni mmea mwingine. Tafadhali mtu asipande mlimani kuchuma majani akidhani amepata dawa ile ile.

Je, inasaidia kweli?

Jibu la haki ni hili: inaweza kusaidia, lakini si kila mtu. Ujerumani madaktari wameitumia miaka mingi. Mwaka 2008 wataalamu walikusanya majaribio 29 yenye wagonjwa 5,489. Walikuta kwamba kwa ugonjwa wa kushuka moyo usio mkali sana, ilishinda vidonge vya bure visivyo na dawa ndani, na ilikaribiana na dawa za kawaida za hospitali. Lakini jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2002, lenye wagonjwa 340, halikuona faida hiyo. Na kwa yule aliyezidiwa kabisa, asiyekula, asiyetoka kitandani, hakuna ushahidi wa kutosha kwamba itamfaa. Hata inapofaa, haifanyi kazi siku moja. Huchukua wiki kadhaa.

Madhara ya kawaida ni madogo: kinywa kukauka, tumbo kusumbua, kizunguzungu, uchovu. Wengine ngozi yao huungua upesi na jua, na wenye ng'ombe na kondoo nchi za nje wanajua mifugo ikila mmea huu kwa wingi huumia ngozi vivyo hivyo.

Hatari yenyewe iko wapi?

Hatari kubwa ni kuichanganya na dawa nyingine. Tueleze kwa lugha ya nyumbani. Ini letu ni kama mtu wa kusafisha nyumba: dawa ikishafanya kazi mwilini, ini huivunja na kuitoa. Sasa, mmea huu unamsukuma yule msafishaji afanye kazi mbio kupita kiasi. Anatupa nje hata dawa ambayo bado inahitajika. Mgonjwa anameza vidonge vyake kila siku, kwa saa ile ile, kumbe dawa inayobaki kwenye damu ni kidogo mno.

Mwaka 2000 watafiti wa serikali ya Marekani walijaribu kwa watu 8 wenye afya waliomeza indinavir, dawa ya UKIMWI ya wakati ule. Walipoongezewa mmea huu, kiasi cha indinavir katika damu kilipungua kwa asilimia 57. Mwaka huo huo, madaktari wa Zurich huko Uswisi walieleza habari za wagonjwa wawili waliopandikizwa moyo, ambao miili yao ilianza kuukataa moyo ule baada ya kutumia mmea huu, kwa sababu dawa yao ya kinga ilipungua nguvu.

Basi shikeni haya, na mkayaseme nyumbani kwa nyumba:

1. Anayetumia ARV asiguse dawa hii bila kumwambia daktari wake. Hata dolutegravir inayotumika siku hizi hupungua. Dawa ikipungua, virusi hupata nafasi ya kuzoea dawa, na kurudi nyuma ni vigumu.

2. Anayetibiwa malaria kwa artemether na lumefantrine, ile ya AL, asichanganye.

3. Wenye kifafa, wenye dawa za moyo kama digoxin, na wanaotumia warfarin ya kuzuia damu kuganda, vivyo hivyo.

4. Tembe na vijiti vya kupanga uzazi vinaweza kushindwa kazi. Msimamo wa Kanisa juu ya njia hizo mnaujua. Lakini mama anayezitumia ana haki ya kuambiwa ukweli, na hatuwezi kumficha.

5. Aliyepewa dawa ya kushuka moyo hospitalini, kama fluoxetine au amitriptyline, asiongeze hii juu yake. Zikikutana zinaweza kuleta kutetemeka, jasho, homa, moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa. Hiyo ni dharura ya hospitali.

6. Mwenye ugonjwa wa kupanda na kushuka, leo ana furaha ya ajabu, kesho yuko chini, inaweza kumpandisha vibaya.

7. Mjamzito, anayenyonyesha, na watoto, waiache.

Na mtu akiiacha, nguvu yake kwenye ini haiishi siku hiyo. Huchukua karibu wiki mbili. Kwa hiyo akienda zahanati au hospitali aseme, "Nilikuwa natumia hii," na aonyeshe chupa. Tunajua wengi huficha dawa za mitishamba wakiogopa kugombezwa. Ninyi wahudumu, msiwagombeze. Ulizeni kwa upole, mtaambiwa.

La mwisho ni la uzito zaidi. Wako watu wanaonunua chupa hii kwa sababu wanaona aibu kusema kwamba moyo umevunjika. Mkimsikia mtu anasema amechoka kuishi, au anagawa vitu vyake, msimwambie ati akaombe tu au anywe majani. Muulizeni waziwazi kama anawaza kujiua; swali hilo halimtii wazo kichwani. Kaeni naye, wekeni mbali dawa za shamba na kamba, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Wengine walikuwa wakiogopa polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kinapingana na Katiba. Huyo ni mgonjwa, na anahitaji matibabu.

Nendeni basi kila mmoja kwenye jumuiya yake, mkaulize swali moja wiki hii: "Ni dawa gani nyingine unatumia?" Mtashangaa majibu.

Sasa tuko tayari kwa maswali.