Kabla Hujatia Sahihi Mkataba wa Ghuba

Wewe unayengoja viza ya Qatar, sikiza. Tangu 2020 huhitaji tena barua ya ruhusa ya kafili ili kubadilisha kazi. Unatoa notisi, mwezi 1 au 2, unahama. Mshahara wa chini tangu Machi 2021 ni riyali 1,000, na 300 za chakula na 500 za malazi kama mwajiri hakupi. Hata shagala yumo. Mahoteli na kampuni za kimataifa zinazolipa vibaya sasa zaweza kuhamwa na watu.

Lakini si Ghuba yote, jamani! Saudia ilipolegeza sheria yake 2021, mashagala waliachwa nje, na huko ndiko ajenti anakopeleka dada zetu wengi. Mwulize: nchi gani, riyali ngapi? Nakala ya mkataba mwachie mamako.