Sufuria ya mzee na franga za mwezi

Hotuba ya kamati ya wazee kwa mkutano mkuu wa wanachama, Baraka



Kamati inaleta leo neno moja, nalo ni chakula. Hatuji kusema njaa. Njaa tunaijua na tumeisema hapa mara nyingi. Tunakuja kusema namna ya kula: mzee anapenda nini, anapika na nani, ananunua kwa kipimo gani, na franga ngapi zinatoka juu ya ile. Tunaleta neno hili kwa sababu mikopo ya sanduku la wazee siku hizi haiendi sana kwa dawa wala kwa jembe. Inaenda jikoni. Na mwenye kushindwa kulipa anauza mihogo yake ikingali shambani, kwa bei yenye mnunuzi anataka. Akisha kuuza hivyo, mwaka unaofuata ananunua unga kwa yule yule aliyemuuzia shamba.

Tuangalie kwanza kule tulikotoka. Wengi wetu tulikaa Lugufu na Nyarugusu miaka kumi na zaidi. Meli Mwongozo ilianza kutuleta hapa Baraka kutoka Kigoma mwaka 2005, na Lugufu ikafungwa mwaka 2009. Mtu aliyeingia kambini mwaka 1996 akiwa na miaka 45, leo amepita 70. Miaka yake ya nguvu alikula unga wa mahindi, maharage ao dengu za njano, na mafuta meupe ya kopo. Vyote vilikuja kwa kadi. Alirudi na mwili wake na tumbo lake, lakini kadi ilibaki ng'ambo ya ziwa.

Sasa tufanye hesabu. Kadi ikiwa kamili, unga ulikuwa karibu gramu 400 kwa mtu kwa siku. Baba na mama wawili, siku 30, ni kilo 24. Njo kusema, wazee wawili wenye wanataka kula vile walikula kambini, wanahitaji karibu gunia la kilo 25 kila mwezi, na hatujataja mboga. Kambini gunia hilo halikuwa na bei. Hapa liko na bei, na ile bei inapanda dolari ikipanda, na inapanda tena mvua ikiharibu barabara ya Uvira.

Chai nayo. Watu wawili, vijiko vitatu kwa kikombe, asubuhi na jioni: ni vijiko 12 kwa siku. Kijiko kimoja ni karibu gramu 5. Mwezi ukiisha wamekunywa kilo 1 na gramu 800 za sukari, na mgeni hajaingia bado. Na tunajua sisi wote vile mgeni anakuja!

Walimu wetu wa zamani na waliofanya kazi ya serikali wako na yao. Walizoea mkate asubuhi, maziwa katika chai, nyama siku ya mshahara. Mshahara umekoma, wengine wangali wanangojea karatasi za pansheni, lakini mkate uko palepale mezani. Hatuwachekeleye. Mtu aliyefundisha miaka 35 anaona kwamba akiacha mkate, majirani watajua kwamba ameanguka. Ule mkate ni heshima yake, na njo maana ni vigumu kuukata kuliko nyama.

Vijana wengine wanasema: wazee waache kudeka, mihogo iko, wale bugali ya mihogo. Kamati haikubali maneno haya namna yanavyosemwa. Mihogo iko, kweli. Lakini mihogo inataka mikono. Kuichimba, kuibeba, kuiloweka siku tatu ao ine, kuianika, kuitwanga. Mama wa miaka 70 mwenye mgongo unauma, nani atamufanyia? Na mwenye hana nguvu anafupisha siku za kuloweka. Hapo kuna hatari kubwa. Mihogo michungu yenye haikulowekwa vizuri inabaki na sumu, na mwenye kula ile kila siku bila samaki wala maharage anaweza kupata konzo: miguu inakakamaa, na haitarudi tena kama zamani. Kwa hiyo mzee anayenunua mahindi mara nyingi ananunua nguvu zenye hana. Na mwenye hana meno anapenda wali na uji kwa sababu tu vinapita. Ile si anasa.

Lakini kuna mahali pengine franga zinapotea bure, na hapo tunaweza kufanya kitu. Kwanza ni kununua kopo kwa kopo. Maharage yanashuka bei kwenye mavuno, Januari na Februari, na tena Juni; mzee ananunua Aprili na Novemba, kopo moja moja, kwa sababu hana franga za gunia. Ndagala pia. Wavuvi wetu wanavua kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa taa haivuti samaki. Mitumbwi inakaa, bei inaruka. Mwenye kununua siku za giza na kuanika vizuri anakula siku za mwezi kwa bei ya giza. Kila mama wa pwani anajua ile. Kinachokosekana ni franga siku yenye bei iko chini.

Makala ni kidonda cha pili. Sufuria ya maharage ya watu wawili inakula makala karibu sawa na ya watu sita. Tuko na wazee wanne katika avenyu moja, mbabula ine zinawaka, maharage ni yale yale. Kwa nini wasipike pamoja? Tuliuliza, na jibu lilikuwa wazi: kwa desturi ya wengi wetu, baba mkwe hawezi kula mbele ya bibi ya mtoto wake, na mzee hataki kuonekana amebeba sahani kwenda kwa jirani. Desturi hii hatuigusi. Lakini desturi haikatazi kupika pamoja. Maharage yanaweza kulowekwa usiku, yapikwe kwenye mbabula moja, kila nyumba ilete chombo chenye kifuniko, na kila mtu ale kwake na mlango umefungwa.

Kwa hiyo tunaleta mambo mawili mbele yenu. Sehemu ya sanduku la wazee isitolewe tena kama franga mkononi. Inunue maharage na ndagala wakati wa bei ya chini, vikaushwe, maharage yawekwe katika bidoni zilizojaa na kufungwa vizuri ili wadudu wasipate hewa, na kila mzee achukue ya kwake kwa bei ileile ya kununua. Na vijana wa shirika wapewe siku ya kuchimba na kuloweka mihogo ya wazee wasio na watoto karibu, ili isiuzwe ikiwa chini ya udongo. Mafuta tungeomba yawe ya mawese, kwa sababu michikichi iko hapa kwetu na mafuta ya kopo yanavuka maji.

Kwa wafadhili ombi letu ni dogo. Bidoni za lita 20, turubai za kuanikia, na mzani mmoja. Franga za kununua maharage ya kwanza tunazo katika sanduku, kama mkutano ukikubali.

Sukari hatukuipigia kura. Kila mtu aihesabu kwake. Wenye kutaka kuingia katika ununuzi wa Juni wapeleke majina kwa mwandishi wa kamati, na waseme mapema kama nyumbani wanakula watu wawili ao na wajukuu.