Ampli isiyo na jina: tuipime mbele ya kulipa

Kamati imeniomba niseme juu ya ile ampli ya zamani ya motokaa, ambayo tunataka kuikodisha hapa Likasi kwenye ndoa na vilio. Haina jina la kiwanda. Muuzaji anasema iko na wati 1000.

Tuanze na fizibule. Iko nazo mbili za ampea 20, jumla 40. Zidisha na volti 12 za batri: 480. Ampli za zamani za namna hii zinapoteza karibu nusu kwa joto, basi kwenye bafle zitafika wati 240 hivi. Hiyo 1000 ni ya mdomo tu.

Kisha tufungue kifuniko. Kondansateri zilizovimba, harufu ya kuungua, mahali palipochomelewa upya: bei ishuke. Namba zilizo juu ya transista fundi anaweza kuzifuata. Maneno ya muuzaji hapana.

Kuijaribu: batri kwenye B+ na GND, na REM ipewe volti 12. Bila REM haiwaki (watu wanatupa ampli nzima sababu ya waya huo!). Mbele ya kufunga bafle, multimeta ipime volti ya moja kwa moja kati ya plus na minus za kutokea: iwe karibu na sufuri. Ikiwa volti kadhaa, itaunguza bafle.

Muuzaji akikataa tuifungue, makuta ya wanachama na ya wafadhili yabaki kwenye sanduku.