Afya ya Watu Wazima Wenye Sindromu ya Down ya Mozaiki

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wakazi wa kata kuelekea Siku ya Sindromu ya Down Duniani, Machi 21)



Katika mkutano uliopita mama mmoja alinifuata pembeni akanieleza habari za mwanawe mwenye umri wa miaka 34. Kijana huyo ana sindromu ya Down ya mozaiki. Kwa miaka mingi ameuza mayai gengeni na kurudisha chenji bila kukosea. Mwaka huu amebadilika: ni mzito, anasinzia mchana, haitiki akiitwa. Majirani wakamwambia mama, "Ndivyo hali yao ilivyo." Ni kauli hiyo iliyonileta mbele yenu leo.

Seli za mwili wa binadamu kwa kawaida hubeba kromosomu 46. Mwenye sindromu ya Down huwa na kromosomu ya 21 ya ziada, zikawa 47. Katika mozaiki, baadhi ya seli zina 47 na nyingine zina 46. Mchanganyiko huo hutokea mimba ikingali changa kabisa, seli zinapogawanyika. Si laana, wala si kosa la mama. Katika kila watu 100 wenye sindromu ya Down, wenye aina hii ni takriban wawili tu.

Kwa kuwa ni wachache, na sura zao mara nyingine hazitofautiani sana na zetu, tunadhani hawahitaji uangalizi. Tunakosea. Hata kipimo cha damu kikionyesha seli chache zenye kromosomu ya ziada, hakituambii zilivyo ndani ya moyo au ubongo. Magonjwa ya kuchunguzwa ni yaleyale.

La kwanza ni tezi ya thairoidi, iliyo shingoni. Ikipunguza homoni, mtu hunenepa, huona baridi, hufunga choo, huwa mzito wa mwili na fikra. Ni rahisi mno kudhani amepungukiwa akili zaidi, ilhali kipimo cha damu hubainisha tatizo na kidonge cha kila siku hulitibu. Wataalamu hushauri kipimo hicho kifanyike kila baada ya mwaka mmoja au miwili, hata kama hakuna dalili.

Masikio nayo husahauliwa. Asiyeitika huenda hasikii, na pengine ni nta tu iliyoziba. Macho hupata mtoto wa jicho mapema kuliko kwa watu wengine. Anayekoroma sana, kisha pumzi ikakatika na kurejea kwa kishindo, hapumziki usiku. Kusinzia kwake mchana si uvivu. Moyo pia usikilizwe, kwani vali zinaweza kuanza kuvuja ukubwani hata kwa aliyezaliwa na moyo mzima.

Sitaficha jambo zito. Ugonjwa wa kusahau, yaani Alzaima, huweza kuwapata mapema, na inashauriwa uchunguzi wake uanze katika umri wa miaka 40. Lakini jina hilo lisitajwe kabla tezi, masikio, macho, usingizi na huzuni havijachunguzwa, kwa maana kila kimojawapo huweza kufanana nalo.

Ukiona mabadiliko, anzia zahanati na uombe rufaa inapohitajika. Mwambie mganga alivyokuwa mwaka jana na alivyo sasa: alichoweza kufanya, anachoshindwa, tangu lini. Bila maelezo hayo, mganga anayemwona kwa mara ya kwanza hana cha kulinganisha. Naye mwenyewe aulizwe; ni mtu mzima, anajua panapomuuma. Afisa Ustawi wa Jamii wa kata yuko hapa, naye atawasikiliza baada ya mkutano.

Mama yule amekwisha kumpeleka mwanawe kituo cha afya. Damu imechukuliwa kwa ajili ya kipimo cha tezi, na sikio la kushoto limesafishwa. Anasubiri majibu.