Gazeti la Jana na Mbuni wa Babu

Maneno yaliyosomwa mbele ya wazazi na walimu wa Nshamba katika sikukuu za Jubilei



Tumeombwa tuseme machache juu ya mali inayodumu. Katika siku za Jubilei watu huhesabu miaka. Nasi tumeona yafaa kuhesabu pia vitu viwili vilivyopita mikononi mwetu katika miaka hiyo, yaani magazeti na mibuni. Vyote viwili hutoa ahadi. Gazeti hutoa ahadi yake asubuhi, kwa herufi kubwa. Mbuni hukaa kimya miaka mitatu au zaidi ndipo utoe kitu.

Nchi yetu imezoea magazeti tangu zamani. Gazeti la Mambo Leo lilianza kutolewa Dar es Salaam mwezi wa Januari 1923, na wengi walilisikia likisomwa kabla hawajajua kulisoma. Hatuwadharau waandishi, kazi yao ni kuieleza siku ya leo. Lakini siku ya leo haikai, na mtu akisoma vichwa vya habari vya miaka mingi kwa mfululizo, hana budi kucheka.

Fikirini habari ya karanga. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza, iliyokuwa na upungufu wa mafuta ya kula baada ya vita, ilitangaza mpango wa kulima karanga katika Tanganyika na nchi za jirani, eka zaidi ya milioni 3. Magazeti yakaandika kana kwamba karanga zimekwisha kukaangwa. Matrekta yakaletwa Kongwa. Hata vifaru vya vita vikageuzwa kuwa matrekta. Mibuyu ikawashinda, mvua ikawanyima, na udongo wakati wa kiangazi ukawa mgumu kama matofali. Wagogo, wenyeji wa nchi ile, walikuwa wakiijua tabia ya mvua yao tangu zamani. Mwezi wa Januari 1951 mpango ukaachwa, na pauni milioni 36 hivi zilikuwa zimekwisha potea. Pengine magazeti yale yaliyozitangaza karanga yaliishia sokoni, yakikunjwa ili kufungia karanga za mkulima mdogo, aliyelima kwa jembe la mkono wala hakuandikwa popote.

Wala tusidhani kwamba jambo hili ni la Wazungu tu. Mwaka 2009 nchi nzima ilisoma habari za DECI. Watu waliambiwa wapande mbegu, yaani fedha zao, wakaahidiwa mavuno makubwa kwa muda mfupi. Mkulima wa Ihangiro alipaswa kutia shaka mara moja: ni mbegu gani hii isiyotaka mvua, wala samadi, wala palizi? Ilitaka kitu kimoja tu, mpanzi mwingine wa kufuata nyuma. Mwaka huo huo Serikali ikausimamisha mchezo, na wengi waliopanda mwisho hawakuvuna hata bua.

Sasa tukitazame kibanja. Udongo wa rweya ni hafifu, kila mmoja wetu ajua. Udongo mweusi wa kibanja haukuokotwa. Ulitengenezwa kwa nyasi na samadi, kikapu juu ya kikapu, na watu ambao majina yao hayakupigwa chapa. Kahawa nayo ilikuwapo huku kabla ya biashara ya Ulaya. Babu zetu waliichemsha, wakaikausha, wakamtolea mgeni aitafune kwa heshima. Baadaye ikawa ya kuuzwa. Ikalipa kodi, ikaezeka nyumba mabati, ikawapeleka watoto shule.

Bei yake ndiyo iliyowapa waandishi kazi. Mwezi wa Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil, na mwaka 1977 bei ya dunia ikapanda mno. Mwezi wa Julai 1989 mapatano ya mataifa juu ya mgawo wa kahawa yakavunjika, bei ikaporomoka. Aliyepanda kwa sababu ya habari za 1977, kisha akang'oa kwa sababu ya habari za 1989, alikula hasara mara mbili. Mbuni wenyewe haukusoma habari yoyote, uliendelea kuchanua.

Hatusemi kwamba mbuni haufi. Mwaka 1997 mnyauko wa kahawa ulionekana katika Kagera, na mwaka 2006 ukaja mnyauko wa migomba. Waliorithi shamba wakadhani wamerithi pia usingizi, walibaki na kuni. Mali ya muda mrefu yataka mtu wa kupanda tena palipokufa.

Lakini kuna ugonjwa mwingine, usioletwa na vijidudu: butura. Baba auza kahawa ingali maua, kwa bei ya dhiki, ili amalize haja ya juma moja. Kahawa ikiiva, yabebwa na mwingine. Shule zikifunguliwa, mtoto hana daftari wala viatu, naye aona magunia ya shamba la kwao yakipita mlangoni. Serikali imeikataza butura, lakini katazo halimsaidii mtu ambaye hana akiba ya siku ya ugonjwa. Auzaye butura ni sawa na mtu auzaye gazeti la kesho: ameuza habari ambayo haijatokea, na hasara ni yake.

Basi twawaomba mambo matatu. Wazazi, kabla ya kuuza ua, tusaidianeni katika vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, ili jirani asisukumwe na dhiki ya siku moja. Walimu, kila shule iwe na kitalu chake, na kila mtoto amalizaye masomo aondoke na miche michache mkononi pamoja na cheti. Vijana, msikigawe kibanja mpaka kiwe viraja vya kujengea tu. Mkigawana, kila mmoja apande palipo wazi.

Wazee husema, ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Watakaoadhimisha Jubilei ijayo hawatakuwa na haja ya magazeti yetu ya leo, ambayo yatakuwa yamekwisha fungia vitumbua. Watatafuta kivuli na mavuno, nao watauliza ni nani aliyepanda. Mvua zikianza, na tutoke na majembe.